Infografiki na Michoro ya Takwimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huibuka kila mtu anapoketi kuzigeuza namba kuwa mchoro. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayomkuta mtu akiwa ameshazama kwenye kazi. Jambo likishaelezwa pengine, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Misingi

1. Infografiki ni nini, na inatofautiana vipi na grafu?

Grafu huzigeuza namba kuwa umbo ambalo jicho linaweza kulilinganisha: urefu wa upau, mteremko wa mstari, mahali ilipo nukta. Infografiki ni ukurasa mzima uliopangwa, ambao ndani yake mnaweza kuwa na grafu moja au tano, maelezo mafupi, mishale, picha na namba zilizokuzwa, vyote vikieleza jambo moja. Grafu inaweza kusimama peke yake. Infografiki isiyo na mchoro hata mmoja unaofanya kazi ni tangazo lenye aikoni.

Grafu tulizozizoea si za kale kama wengi wanavyodhani. William Playfair wa Uskoti alichapisha grafu za mstari na za pau mwaka 1786, na chati duara mwaka 1801.

2. Nitajuaje kama nahitaji grafu, jedwali au sentensi tu?

Tazama una namba ngapi na msomaji atazifanyia nini. Namba mbili ziandike tu: "Maombi yamepanda kutoka 340 hadi 510" haihitaji pau mbili na fremu. Msomaji anayetafuta thamani kamili ya kitu fulani, kama kipimo, ratiba au bei, mpe jedwali. Grafu ina nafasi yake pale umbo lenyewe linapokuwa ndiyo habari: kupanda, kushuka, pengo, au kitu kimoja kilichojitenga na wenzake.

Epuka kuweka grafu na chini yake jedwali la namba zilezile. Msomaji ataanza kuzihakiki zote mbili badala ya kuelewa moja.

3. Nianzie wapi?

Anzia kwenye sentensi, si kwenye programu. Andika kwa maneno yako jambo ambalo msomaji aondoke nalo, na sentensi hiyo iwe na kitenzi. "Takwimu za mahudhurio" ni jina la faili. "Mahudhurio hushuka kila Ijumaa" ni habari, na tayari inakuambia kwamba utahitaji siku za wiki kwenye mhimili mmoja. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, rudi kwenye data. Tatizo halitatatuliwa na rangi.

Kisha chukua penseli na karatasi, uchore matoleo matatu au manne kwa haraka, dakika kumi zinatosha. Penseli haina templeti, kwa hiyo haikusukumi kwenye umbo ambalo programu imekuandalia. Ukishapata toleo linalosomeka, ndipo ufungue kompyuta. Lichore lote kwa kijivu kwanza. Rangi ije mwisho kabisa, na ije kwa sababu (swali la 16).

4. Data yangu inapaswa kupangwaje kabla ya kuchora?

Kila safu mlalo iwe rekodi moja, kila safu wima iwe aina moja ya taarifa, na vichwa viwe kwenye mstari wa kwanza pekee. Usiunganishe seli. Usiweke jumla katikati ya rekodi, kwa maana programu itaihesabu kama rekodi nyingine na utapata upau mmoja mrefu kupita kiasi. Vipimo viandikwe kwenye kichwa cha safu: ukiandika "25 kg" ndani ya seli, programu huiona kama neno, na maneno hayajumlishwi.

Baada ya hapo panga kila safu kuanzia ndogo hadi kubwa na uangalie ncha zote mbili. Hapo ndipo makosa hujificha: umri wa miaka 210, tarehe ya mwaka 1900, namba yenye mkato mahali pa nukta. Angalia pia majina yaliyoandikwa kwa namna mbili, hata kwa tofauti ya nafasi moja tupu mwishoni, kwa sababu programu itayatenga kama vitu viwili.

Halafu kuna tarehe. Lahajedwali (programu kama Excel) hupenda kuligeuza kila linalofanana na tarehe, mfano "1-2", kuwa tarehe, bila kuuliza. Si mzaha: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuwa imebadilisha baadhi ya majina, yakiwemo MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyasoma kama siku za mwezi Machi na Septemba. Ziwekee safu za aina hiyo muundo wa maandishi kabla ya kubandika data, si baada.

5. Nitumie programu gani?

Kwa grafu moja, lahajedwali uliyonayo inatosha. Kwa grafu za kwenye tovuti, Datawrapper hukupa matokeo safi bila kuandika msimbo. Kupanga ukurasa wa infografiki kunahitaji programu ya michoro ya vekta, yaani inayohifadhi mistari na maumbo badala ya pikseli. Inkscape ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Kama grafu ileile itatolewa kila mwezi kwa data mpya, jifunze lugha ya programu kama R au Python, maana utaandika maagizo mara moja tu.

## Kuchagua mchoro

6. Kuna aina nyingi mno. Nichague ipi?

Swali lako ndilo linalochagua. "Kipi ni kikubwa zaidi?" hujibiwa kwa pau. "Hali imebadilikaje kadiri muda ulivyokwenda?" hujibiwa kwa mstari. "Hiki kikipanda, na kile hupanda?" ni kazi ya grafu ya nukta, kila nukta ikiwa mtu mmoja, shule moja au siku moja. "Vipimo vimejazana wapi?" ni kazi ya histogramu, yaani pau zinazoonyesha ni vipimo vingapi viko kwenye kila kundi, na hapo jaribu upana tofauti wa makundi, kwani data ileile ikigawanywa makundi 5 na ikigawanywa makundi 25 inaweza kutoa maumbo yasiyofanana hata kidogo. "Ni sehemu gani ya jumla?" hujibiwa kwa upau mmoja uliokatwa vipande, au kwa chati duara kwa masharti ya swali la 7.

Pau hushinda mara nyingi kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha kazi iliyopanga uwezo wa jicho la mtu kukadiria kiasi. Jicho hukadiria vizuri zaidi mahali kitu kilipo kwenye mhimili mmoja, kisha urefu, kisha pembe, kisha eneo. Uzito wa rangi uko mkiani. Ukitilia shaka chaguo lako, jiulize linamtaka msomaji alinganishe nini, kisha uone liko wapi kwenye orodha hiyo.

7. Je, chati duara ni mbaya kama wanavyosema?

Si mbaya, ina kazi finyu. Asilimia moja ni nyuzi 3.6 za duara, kwa hiyo kipande cha asilimia 23 na cha asilimia 26 vinapishana kwa nyuzi 10.8 tu. Ukivitenganisha pande mbili za duara, watu wengi hawatajua kipi ni kikubwa. Kwenye pau tofauti hiyohiyo huonekana mara moja.

Itumie vipande vikiwa viwili au vitatu, na habari ikiwa ni "karibu nusu" au "robo tu", kwa sababu jicho hulitambua nusu duara na robo duara bila kupima. Anza kipande kikubwa juu kabisa, pale inapokaa saa sita kwenye uso wa saa. Namba ziandikwe kwenye vipande vyenyewe.

Kuna mahali ambapo ni marufuku moja kwa moja: swali la hojaji lililoruhusu mtu kuchagua majibu zaidi ya moja. Asilimia zitajumlishwa kupita 100, na duara halina mahali pa kuziweka. Tumia pau.

8. Pau zisimame au zilale?

Majina yakiwa marefu, zilale. Ukijikuta unainamisha lebo ili zienee, umeshapata jibu. Zipange kwa ukubwa, si kwa alfabeti, isipokuwa vitu vina mpangilio wake wa asili kama miezi au makundi ya umri. "Mengineyo" hukaa chini kabisa hata kama ni kubwa.

9. Nina mistari minane kwenye grafu moja na imekuwa tambi. Nifanyeje?

Kama mmoja tu ndio habari, upe huo rangi na unene, na mingine saba iache iwe kijivu chembamba cha nyuma. Msomaji ataona mmoja huo na pia mazingira yake.

Kama yote ni muhimu, igawanye kuwa grafu ndogo nane zilizopangwa kwenye gridi, zote zikiwa na mihimili na mizani ileile. Baadhi ya programu huipa kila grafu ndogo mizani yake bila kuuliza, na hapo kitu kilichopanda kutoka 2 hadi 4 kinaonekana sawa na kilichopanda kutoka 200 hadi 400. Zima hilo kabla ya kuchapisha.

10. Naweza kuweka mihimili miwili ya wima, mmoja kushoto na mwingine kulia?

Tunashauri usifanye hivyo. Mahali mistari miwili inapokutana panategemea mizani uliyochagua, na msomaji atadhani kukutana huko kuna maana. Ukibadilisha kiwango cha juu cha mhimili wa kulia, unaweza kuifanya mistari ifuatane kama mapacha au ipishane kabisa, bila kugusa data.

Weka grafu mbili, moja juu ya nyingine, zikishirikiana mhimili wa muda. Au geuza zote kuwa faharasa: gawanya kila thamani kwa thamani ya mwaka wa kwanza, zidisha kwa 100, na mistari yote itaanza 100. Mwaka wa kuanzia uwe wa kawaida, la sivyo ukiuchagua mwaka wa msukosuko kila kitu baada yake kitaonekana kimepaa.

## Mizani na namba

11. Je, mhimili lazima uanze na sifuri?

Kwa pau, ndiyo, bila mjadala. Upau husomwa kwa urefu wake, na urefu uliokatwa chini ni urefu wa uongo. Chukua 92 na 95 kwenye mhimili unaoanza 90: upau wa pili utakuwa mrefu mara mbili na nusu kuliko wa kwanza, ilhali tofauti halisi ni asilimia 3 na kidogo.

Mstari na nukta husomwa kwa mahali na mteremko, kwa hiyo mhimili unaweza kuanzia pale data ilipo. Joto la mwili likichorwa kuanzia sifuri, homa kali itaonekana kama mstari ulionyooka. Swali la kujiuliza ni kama badiliko unalolikuza ni la maana kwa wanaolijua jambo lenyewe. Nyuzi mbili za joto la mwili ni habari kubwa, nyuzi mbili za joto la chumba si kitu. Ukikata mhimili, namba zake zionekane wazi, na usipake rangi eneo lililo chini ya mstari, maana eneo hilo hulirudisha jicho kwenye kusoma urefu.

12. Duara langu la thamani mara mbili linaonekana kubwa mno. Nimekosea wapi?

Umezidisha kipenyo kwa mbili, na eneo likawa mara nne. Eneo ndilo linalopaswa kulingana na thamani, kwa hiyo nusukipenyo hukokotolewa kwa kipeuo cha pili. Ikiwa 100 ni duara la nusukipenyo cha mm 10, basi 250 ni 10 × √2.5, yaani mm 15.8, si 25. Florence Nightingale, kwenye mchoro wake wa mwaka 1858 wa vifo vya askari katika vita vya Crimea, alieleza kwamba ni eneo la kila kabari ndilo linalopimwa.

Picha za vitu zina mtego uleule. Ukivuta pembe ya picha ya gunia ili liwe refu mara mbili, linapanuka pia. Otto Neurath na wenzake huko Vienna, katika miaka ya 1920, waliweka kanuni inayofaa hadi leo: kiasi kikiongezeka, ongeza idadi ya picha, usikuze picha. Magunia matatu yanayolingana huhesabika.

13. Kuna tofauti gani kati ya asilimia na pointi za asilimia?

Kutoka asilimia 40 hadi asilimia 50 ni ongezeko la pointi 10, na pia ni ongezeko la asilimia 25. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini ukiandika "limeongezeka kwa asilimia 10" umekosea. Kumbuka pia kwamba kushuka kwa asilimia 20 kisha kupanda kwa asilimia 20 hakukurudishi ulikotoka: 100 huwa 80, kisha 96. Na pembeni ya kila asilimia iwepo idadi iliyozaa asilimia hiyo, kwani kutoka watu 2 hadi 3 nako ni ongezeko la asilimia 50.

14. Kwa nini nisionyeshe wastani tu?

Kwa sababu wastani hufuata wachache waliozidi. Watu tisa wakipata 400 kila mmoja na wa kumi akipata 8,400, wastani ni 1,200, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipata. Namba ya katikati, ukizipanga zote, ni 400. Kwa mapato, bei za nyumba na muda wa kusubiri, tumia namba ya katikati.

Hata ukijumlisha vipimo vingine bado unaweza kupotea. Mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu Francis Anscombe alitoa seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Zote zina wastani wa 9 kwenye mhimili wa mlalo na 7.5 kwenye wa wima, na kipimo cha uhusiano kati ya pande hizo mbili cha 0.816. Zikichorwa, moja ni mtawanyiko wa kawaida, moja ni upinde, moja ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyoasi, na ya nne ni rundo lililosimama wima na nukta moja mbali kabisa. Chora nukta zako zote angalau mara moja kwa macho yako mwenyewe, hata kama msomaji atapewa wastani.

15. Mizani ya logi inafaa lini?

Thamani zikitofautiana mara mamia, au unapotaka kuonyesha kasi ya ukuaji. Kwenye mizani hiyo, umbali kutoka 1 hadi 10 ni sawa na kutoka 10 hadi 100, na kitu kinachokua kwa kasi isiyobadilika huwa mstari ulionyooka. Sifuri haina mahali pake, na pau hazifai hapo kwa sababu hazina pa kuanzia. Wasomaji wasioizoea hudhani mlipuko umetulia wakati unaendelea kuongezeka maradufu, basi kwa hadhira ya jumla andika kwenye grafu yenyewe kwamba kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia.

## Rangi na maandishi

16. Nitumie rangi ngapi?

Moja, pamoja na kijivu, hutosha kwa kazi nyingi. Rangi iwe na kazi ya kusema: inatenga makundi, inaonyesha kiasi, au inanyooshea kidole jambo moja. Makundi yakipita sita, jicho huanza kurudi kwenye ufunguo (kisanduku kinachoeleza maana ya kila rangi) kila mara.

Kwa kiasi, tumia rangi moja kutoka hafifu hadi iliyokolea. Kama data ina kitovu chenye maana, mfano juu na chini ya lengo, tumia rangi mbili zinazokutana kwenye rangi hafifu katikati. Rangi zote za upinde wa mvua kwa pamoja ziepuke: njano hung'aa katikati na kuvuta jicho pasipo na habari, na hakuna anayejua kama zambarau ni zaidi ya kijani. Tovuti ya ColorBrewer ina seti zilizokwisha kupangwa kwa matumizi haya.

17. Nitawafikiriaje wenye upofu wa rangi?

Kati ya watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume mmoja kati ya 12 na mwanamke mmoja kati ya 200 wana tatizo la kutofautisha nyekundu na kijani. Yaani "nyekundu mbaya, kijani nzuri", jozi inayopendwa kuliko zote, ndiyo inayowapotea. Badala yake tumia buluu na rangi ya chungwa. Misimbo miwili ya rangi hizo inayofaa ni #0072B2 na #E69F00, kutoka kwenye seti ya rangi nane ya wanasayansi Okabe na Ito iliyotengenezwa kwa ajili ya hili.

Usiiachie rangi kazi yote peke yake. Mstari mmoja uwe wa vipande, nukta ziwe na maumbo tofauti, lebo ikae kando. Kipimo cha haraka: ichape grafu kwa wino mweusi pekee. Ukiipoteza habari, bado.

18. Ufunguo wa rangi ukae wapi?

Ikiwezekana usiwepo. Andika jina mwishoni mwa mstari wenyewe, kwa rangi ya mstari huo. Ukilazimika kuuweka, mpangilio wake ufuate mpangilio wa mistari inavyoishia kulia, wa juu ukiwa juu.

19. Herufi ziwe na ukubwa gani?

Kwenye chapa, lebo zisishuke chini ya pointi 8. Kwenye slaidi, zisishuke chini ya 18. Kwenye skrini, pikseli 12 ndiyo sakafu na 14 ni afadhali. Tatizo la kawaida ni kupunguza mchoro baada ya kuukamilisha: bango la A3 likipunguzwa hadi A4 hubaki asilimia 71 ya urefu na upana, na pointi 10 huwa 7. Amua ukubwa wa mwisho kabla ya kuandika herufi ya kwanza.

Kuhusu utofauti wa rangi ya maandishi na ya usuli, viwango vya kimataifa vya WCAG, vinavyohakikisha tovuti zinasomeka na watu wote, vinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa na kwa sehemu za mchoro zinazobeba maana. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa na wabunifu, hufeli mara nyingi.

20. Kichwa kiandikweje?

Ile sentensi ya swali la 3 ndiyo kichwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, taja kinachopimwa, kipimo, mahali na kipindi. Chini kabisa ya mchoro taja data ilikotoka, maana picha itanakiliwa na kusambazwa bila makala yake.

## Ramani

21. Ramani yangu inaonyesha tatizo liko mijini tu. Je, ni kweli?

Yawezekana umechora mahali watu wanapoishi. Ukipaka rangi maeneo kwa idadi kamili ya wagonjwa, wizi au simu, penye watu wengi patakolea daima. Gawanya kwanza kwa idadi ya watu: kwa kila 1,000 au kwa kila 100,000. Idadi kamili zionyeshwe kwa maduara yaliyokokotolewa kama kwenye swali la 12. Madaraja ya rangi yawe manne hadi sita, na jaribu mipaka tofauti ya madaraja kabla ya kuamua, kwani mipaka peke yake inaweza kuhamisha eneo zima kutoka "wastani" hadi "hatari".

Kuwa na majina ya mahali kwenye data hakukulazimishi kuchora ramani. Ramani inafaa pale mahali panapoeleza sababu. John Snow, kwenye mlipuko wa kipindupindu London mwaka 1854, alionyesha vifo nyumba kwa nyumba na kwenye ramani hiyohiyo akaweka pampu za maji. Vifo vilijazana kuzunguka pampu ya Broad Street. Bila pampu, ungebaki mtawanyiko wa alama nyeusi. Kama kilicho karibu na kingine hakina maana kwenye habari yako, pau zilizopangwa kwa ukubwa zitasomeka upesi zaidi.

22. Kuna shida gani na ramani ya dunia iliyozoeleka?

Makadirio ya Mercator (makadirio ni njia ya kuihamishia dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) ya mwaka 1569 yaliundwa kwa ajili ya mabaharia, na hukuza maeneo kadiri yanavyokaribia ncha za dunia. Greenland huonekana kuikaribia Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa takriban mara 14. Ukipaka rangi nchi, chagua makadirio yanayohifadhi eneo, mfano Equal Earth.

## Kuhifadhi, kuchapa na simu

23. Kwa nini mchoro wangu una ukungu?

Ama ulihifadhiwa kwa JPEG, ambayo huchafua kingo za herufi na mistari, ama una pikseli chache. Hifadhi kwa SVG au PDF kila panapowezekana, kwa sababu vekta haipotezi ukali hata ikikuzwa. Pasipowezekana, tumia PNG. Kwa chapa ya nukta 300 kwa inchi, ukurasa wa A4 unahitaji pikseli 2480 × 3508, na mchoro wa upana wa sm 16 unahitaji kama 1,890. Kupiga picha ya skrini na kuibandika kwenye ripoti ndicho chanzo cha ukungu mwingi.

24. Rangi zilitoka kwenye chapa zikiwa zimefifia. Kwa nini?

Skrini hutoa mwanga, karatasi huakisi. Buluu kali na kijani kinachong'aa haviwezi kupatikana kwa wino wa kawaida wa rangi nne. Badilisha faili kuwa CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, mapema, uone kitakachopotea, na uombe chapa ya majaribio. Maandishi yawe wino mweusi mtupu, si mchanganyiko wa wino nne, la sivyo karatasi ikisogea kidogo mashineni herufi ndogo hupata kivuli cha rangi. Rangi ya usuli inayofika ukingoni ivushwe mm 3 nje ya mstari wa kukatia.

25. Infografiki yangu haisomeki kwenye simu.

Ilichorwa kwa upana wa bango, na simu ina upana wa pikseli 360 hivi. Usiipunguze, ivunje: kila sehemu iwe picha yake, pau zilale, lebo zikae juu ya upau badala ya kushoto kwake. Na hakuna kipanya kwenye simu, kwa hiyo namba inayojitokeza tu mtu anapopitisha kishale juu yake haitaonekana.

## Hali ngumu

26. Nina miezi isiyo na data, na mwaka huu haujaisha. Nichoreje?

Tupu si sifuri. Ukiandika sifuri kwenye mwezi ambao hakuna aliyehesabu, umetengeneza anguko ambalo halikutokea. Acha mstari ukatike, au unganisha kwa vipande hafifu na useme hivyo. Kwa mwaka ambao haujaisha, linganisha miezi ileile ya kila mwaka. Ukiuacha kama ulivyo, mstari utaporomoka mwishoni na mtu ataupiga picha kabla hujaeleza.

27. Data yangu ni ya sampuli. Nionyeshe shaka kiasi gani?

Kwa sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu na matokeo yanayokaribia nusu kwa nusu, shaka kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 ni takriban pointi 10 juu na chini kwa watu 100, pointi 5 kwa watu 400, na pointi 3 kwa watu 1,000. Kwa hiyo kichwa kinachosema A amempita B kwa pointi 2 kwenye sampuli ya 400 hakina miguu.

Ukiweka vistari vya shaka (vile vinavyotoka juu na chini ya nukta au upau), eleza vinaonyesha nini: mtawanyiko wa data yenyewe, au shaka juu ya wastani. Hivyo ni vitu viwili vyenye urefu tofauti sana, na wasomaji wengi huvichanganya. Desimali nazo husema jambo: asilimia 43.33 ya watu 60 ni usahihi wa kujipamba.

28. Bosi anataka pau za 3D. Nimjibu nini?

Usibishane kuhusu ladha. Chora zote mbili kwa data ileile, muulize upau wa tatu ni ngapi. Kwenye 3D hatajua asome ukingo wa mbele au wa nyuma, na upau mfupi ulio nyuma utakuwa umefichwa. Kwenye chati duara ya 3D, kipande kilicho mbele hukua kwa sababu ya unene wake.

29. Msomaji asiyeona atapataje habari hii?

Kwenye maelezo mbadala ya picha (maandishi ambayo programu humsomea kwa sauti badala ya picha), andika aina ya mchoro, habari yenyewe, na namba mbili au tatu zinazoithibitisha. "Grafu ya takwimu" haimsaidii mtu. Jedwali la data liwekwe kwenye kiungo karibu nayo. Hapa ndipo lile katazo la swali la 2 linapolegea.

30. Nitajuaje kama mchoro unaeleweka kabla ya kuutoa?

Mwonyeshe mtu asiyehusika na kazi hiyo kwa sekunde tano, uufunike, umuulize ulikuwa unasema nini. Usimuulize kama anaupenda, maana atakujibu kwa adabu. Rudia kwa watu watatu hadi watano, na uandike maneno yao kama walivyoyasema. Yakilingana na sentensi ya swali la 3, toa. Yasipolingana, badilisha kichwa na mahali ulipoweka rangi kabla ya kubadilisha aina ya grafu, kwa kuwa mara nyingi data iko sawa na jicho ndilo lililopelekwa kwingine.